Ubaguzi wa Ajira: Namna ya Kubaini Chanzo Chake Kabla ya Kuutibu

Kiwanda cha kukamua alizeti kinatangaza nafasi za waendesha mitambo. Wanaomba wanaume na wanawake. Wanaochukuliwa ni wanaume watupu. Meneja anaapa kwamba hana kinyongo na mwanamke yeyote. Inawezekana kabisa anasema kweli, na bado waombaji wakawa wamebaguliwa, kwa sababu kinyongo ni chanzo kimoja tu. Pengine meneja amekisia kwamba wanawake watakwenda likizo ya uzazi. Pengine nafasi zimejazwa na vijana walioletwa na wafanyakazi waliopo. Pengine wasichana waliosomea ufundi hawakuomba, maana walishaambiwa kwamba kazi hiyo si yao.

Mwongozo huu ni wa ofisa rasilimali watu, kiongozi wa tawi la chama cha wafanyakazi, au mwanafunzi wa uchumi hapa Dodoma anayetaka kujua ni chanzo kipi kinafanya kazi mahali anapopachunguza. Kila chanzo huacha alama zake kwenye karatasi, na kila kimoja kina dawa yake. Dawa ya chanzo kimoja ikitumiwa kwa kingine inaweza kuongeza ugonjwa. Viwanda na hoteli zitakazotajwa ni mifano ya kufanyia hesabu, si mahali halisi.

Madaftari mawili

Malalamiko ya watu ni mwanzo mzuri, lakini hayatoshi kutenganisha chanzo na chanzo. Unahitaji daftari la waombaji na orodha ya mishahara, vyote vya angalau miaka miwili.

Daftari la waombaji liwe na mstari mmoja kwa kila aliyeomba, hata aliyekataliwa siku ya kwanza. Andika tarehe, nafasi aliyoomba, jinsia, mwaka wa kuzaliwa, elimu, miaka ya uzoefu, wilaya aliyosomea, ulemavu kama ameutaja mwenyewe, alisikiaje kuhusu kazi, aliitwa kwenye usaili au hakuitwa, alama alizopata, na kama aliajiriwa. Kazi nyingi hukwama hapa, kwa kuwa ofisi hutunza barua za walioajiriwa na kutupa za waliokataliwa. Ukibaki na walioajiriwa peke yao huna wa kuwalinganisha nao. Ikiwa barua zimeshatupwa, anza kuzitunza leo na usifanye hesabu ya waombaji mpaka zijae.

Kwenye orodha ya mishahara, tenganisha mshahara wa msingi, posho, na malipo ya saa za ziada. Usizijumlishe. Mara nyingi mshahara wa msingi huwa sawa kwa wote, na pengo likajificha kwenye posho ya safari au katika nani anapangiwa saa za ziada. Weka pia aina ya mkataba, tarehe ya kuajiriwa, cheo alichoanzia na cheo cha sasa. Vibarua wasiokuwemo kwenye orodha rasmi watafute kwenye daftari la kusaini mahudhurio; kwenye mashamba ya zabibu na kwenye maeneo ya ujenzi hao ndio walio wengi.

Usimuulize mtu dini wala kabila lake. Swali hilo linamtisha, na majibu hayaaminiki. Wilaya aliyosomea ni kielelezo chenye kasoro, lakini kinatosha kuonyesha kama watu wa Chamwino na Bahi wanachujwa kuliko wanaotoka mikoa mingine. Majina yabaki kwa mtu mmoja, wengine wafanye kazi kwa namba: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakubana hapa hata kama nia yako ni njema.

Pima kila mlango peke yake

Ajira ni milango kadhaa: tangazo, mchujo wa barua, usaili, mshahara wa kuanzia, kupandishwa cheo. Kosa la kwanza ni kupima wa mwanzo na wa mwisho tu.

Tuchukue hoteli iliyopokea barua 130. Wanaume walikuwa 80, wakaitwa 32 kwenye usaili, yaani asilimia 40. Wanawake walikuwa 50, wakaitwa 13, yaani asilimia 26. Gawa kiwango kidogo kwa kikubwa: 26 kwa 40 ni 0.65. Marekani tangu 1978 maofisa hutumia kanuni ya nne kwa tano (4/5): uwiano ukishuka chini ya 0.8, mchujo huo unastahili kuchunguzwa. Tanzania haifungwi na kanuni hiyo, lakini ni kipimo rahisi cha kuanzia.

Sasa angalia usaili. Kati ya wanaume 32 waliajiriwa 8, asilimia 25. Kati ya wanawake 13 waliajiriwa 4, karibu asilimia 31. Ukipima mwanzo na mwisho utaona wanaume 8 kati ya 80, asilimia 10, na wanawake 4 kati ya 50, asilimia 8. Uwiano ni 0.8 kamili, hoteli inapita. Lakini mlango wa mchujo ulikuwa na kasoro ambayo usaili uliifunika. Wanawake kufanya vizuri zaidi kwenye usaili hakuonyeshi kwamba walipendelewa. Kunaweza kuonyesha kwamba walipitishwa kwenye chekeche lenye matundu madogo zaidi, wakapenya wale bora kabisa tu.

Kabla ya kumwita mtu mbaguzi, pima kama bahati peke yake ingeweza kuleta tofauti hiyo. Jumla ya walioitwa, 45, igawe kwa waombaji 130: 0.346. Zidisha 0.346 kwa 0.654, kisha kwa jumla ya 1/80 na 1/50, halafu tafuta kipeuo cha pili. Unapata 0.086. Tofauti ya 0.14 ukiigawa kwa 0.086 inakuja 1.63. Wanatakwimu husubiri ifike 1.96 kwa kawaida, kiwango ambacho bahati hukifikia mara 5 tu katika 100. Kwa hiyo mwaka mmoja haukutosha. Viwango hivyo hivyo vikijirudia mwaka wa pili kwa idadi ile ile ya waombaji, hesabu inafika 2.31, na hapo mwajiri hawezi tena kusema ilitokea tu. Ndiyo maana tumedai miaka miwili. Kwa mwajiri mwenye wafanyakazi kumi hesabu hizi hazisemi kitu. Huko soma tangazo, soma maswali ya usaili, ongea na waliokataliwa.

Pengo la mshahara: ligawe vipande

Njia hii iliandikwa 1973 na Ronald Oaxaca na Alan Blinder, kila mmoja kivyake. Mtu mwenye kompyuta hutumia regresheni, yaani hesabu inayopima mchango wa kila sababu kwenye mshahara, lakini mantiki yake inaonekana vizuri zaidi kwa kalamu.

Kiwanda kina wanaume 30, wastani wao shilingi 620,000, na wanawake 20, wastani 500,000. Pengo ni 120,000. Wanaume wenye stashahada ni asilimia 60, wanalipwa 700,000. Waliobaki wana kidato cha nne, wanalipwa 500,000. Wanawake wenye stashahada ni asilimia 40, wanalipwa 620,000, waliobaki 420,000.

Uliza: wanawake hawa hawa, kwa elimu yao hii hii, wangelipwa kwa viwango vya wanaume wangepata wastani gani? Asilimia 40 ya 700,000 ni 280,000. Asilimia 60 ya 500,000 ni 300,000. Jumla 580,000. Kwa hiyo kati ya pengo la 120,000, shilingi 40,000 zinaelezwa na elimu, na 80,000 hazielezwi. Rudia hesabu kwa kutumia viwango vya wanawake kwa wanaume. Hapa majibu yanafanana, lakini kwa data halisi mara nyingi hutofautiana, na wewe uandike yote mawili.

Zile 80,000 hazina jina bado. Zinaweza kuwa ubaguzi, au kitu ambacho hukukipima, kama zamu za usiku au uzoefu. Ongeza uzoefu, ongeza zamu, uone zinapungua kiasi gani. Na zile 40,000 zinazoelezwa usizihalalishe haraka; kama kiwanda hupeleka wanaume peke yao kusoma stashahada kwa gharama yake, elimu yenyewe imeshabeba ubaguzi.

Kosa linaloharibu kazi nyingi ni kuongeza cheo kwenye hesabu. Mwajiri atakwambia: linganisha msimamizi na msimamizi, utaona wanalipwa sawa. Ni kweli, watalipwa sawa. Lakini kama wanawake hawapandishwi kuwa wasimamizi, cheo ndicho ubaguzi wenyewe, na ukikiingiza kwenye hesabu umeufuta kwa mkono wako. Fanya hesabu mara mbili, bila cheo na pamoja na cheo. Pengo likitoweka baada ya kuingiza cheo, acha orodha ya mishahara nenda kwenye kumbukumbu za kupandisha vyeo.

Kinyongo na bei yake

Sasa tafuta chanzo. Nadharia ya kwanza ni ya Gary Becker, ya 1957. Yeye alikipa kinyongo kipimo cha fedha. Mwajiri asiyependa kundi fulani hutenda kana kwamba mfanyakazi wa kundi hilo anamgharimu zaidi ya mshahara wake. Tuseme ziada hiyo ya moyoni ni robo. Mfanyakazi anayempenda anamlipa 400,000. Yule asiyempenda atamchukua ikiwa tu atakubali 320,000, kwa sababu 320,000 na robo yake ni 400,000.

Hapo ndipo Becker aliona udhaifu wa kinyongo: kina hasara. Jirani asiyejali akiajiri watu kumi wa kundi lile kwa 320,000, anaokoa 800,000 kwa mwezi, yaani 9,600,000 kwa mwaka, kwa kazi ile ile. Soko likiwa na waajiri wengi wanaoshindana, wenye kinyongo wanapaswa kubanwa. Kwa hiyo kinyongo cha mwajiri kitafute mahali pasipo na ushindani: mwajiri aliye peke yake, au taasisi isiyotegemea faida.

Lakini Becker alitaja vinyongo vingine viwili, cha wafanyakazi wenza na cha wateja. Cha wateja hakibanwi na ushindani, kwa sababu mwajiri anayekitii ndiye anayepata fedha. Fikiria hoteli na kumbi za mjini wakati wa Bunge la bajeti, kuanzia Aprili hadi Juni, zinapotafuta wahudumu wa muda: tangazo linataka msichana, umri 18 hadi 25, mwenye mvuto. Kipimo chake ni rahisi. Linganisha wanaoonekana na wateja na wasioonekana katika nyumba hiyo hiyo. Wahudumu wa ukumbini wakiwa wa sura na umri wa aina moja, na jikoni, stoo na uhasibu kukiwa na mchanganyiko, unaangalia kinyongo cha wateja au kisio la meneja kuhusu wateja. Watu wenye ualbino na wenye ulemavu unaoonekana huumia sana hapa, hupelekwa nyuma hata wanapokuwa na sifa za mapokezi.

Dawa ya kinyongo ni kumwondolea anayechuja nafasi ya kukitumia: barua zisizo na picha wala jina, na wachujaji wawili wasioonana. Semina ya nusu siku kuhusu usawa isiyogusa utaratibu wa mchujo inaacha nguvu mikononi mwa mtu yule yule.

Kukisia

Hiki ndicho chanzo kinachopuuzwa zaidi, labda kwa sababu hakina sura ya ubaya. Edmund Phelps alikieleza 1972 na Kenneth Arrow 1973. Mwajiri hamjui mwombaji, anaona dalili tu: alama za usaili, cheti, barua ya mdhamini. Dalili hazitoshi, basi anaziba pengo kwa anachoamini kuhusu kundi la mwombaji.

Kwa hesabu iko hivi. Kadirio la mwajiri ni alama za mtu mara uaminifu wa kipimo (yaani kipimo kinategemeka kiasi gani, kati ya 0 na 1), jumlisha wastani wa kundi mara sehemu iliyobaki. Waombaji wawili wote wamepata 80. Mwajiri anaamini kundi la mmoja lina wastani wa 60 na la mwingine 50. Kipimo chake kina uaminifu wa nusu. Wa kwanza anakadiriwa 70, wa pili 65. Alama sawa, majibu tofauti, bila chuki yoyote. Sasa boresha kipimo mpaka uaminifu ufike 0.9: wa kwanza 78, wa pili 77. Pengo limetoka 5 hadi 1, na imani ya mwajiri kuhusu makundi hujaigusa.

Hesabu hiyo inastahili kurudiwa polepole, maana dawa nzima imo humo. Mazungumzo ya dakika kumi na tano na swali la “jielezee” ni kipimo kibovu. Jaribio la kazi yenyewe ni kipimo kizuri. Mwendesha mtambo apewe pampu aifungue na kuifunga kwa dakika 40, akisimamiwa kwa orodha ya vitu kumi vinavyopewa alama. Mhasibu apewe risiti 30 aziingize na kutafuta makosa matatu yaliyofichwa. Maswali yawe yale yale kwa wote, kwa mpangilio ule ule, na kila msaili aandike alama zake kabla hajasikia za mwenzake. Wasaili wakijadiliana kwanza, sauti ya mkubwa hugeuka alama ya wote.

Kukisia kunaumiza hata pale makundi yanapoaminiwa kuwa sawa, ikiwa kipimo kinasoma kundi moja vibaya. Wastani wa wote ukiwa 60, na kipimo kikawa na uaminifu wa 0.8 kwa mmoja na 0.4 kwa mwingine, waliopata 80 wote wawili watakadiriwa 76 na 68. Ndivyo anavyopotea kijana hodari wa Mpwapwa au Kondoa aliyesoma chuo ambacho msaili hajawahi kukisikia, au aliyejifunza fundi-kwa-fundi bila cheti. Msaili hamdharau. Hajui namna ya kumsoma, basi anamrudisha kwenye wastani.

Mara nyingi kisio lenyewe huwa si sahihi, na linaweza kupimwa. Chukua kisio la likizo ya uzazi. Sheria inampa mwanamke siku 84 za likizo yenye malipo katika mzunguko wa miezi 36, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Siku 84 katika siku 1,095 ni asilimia 7.7, na hapo tumedhani kwamba kila mwanamke anajifungua kila baada ya miaka mitatu bila kukosa. Chukua daftari la mahudhurio, hesabu siku zote za kutokuwepo kazini kwa sababu zote, kwa wanaume na wanawake, uone tofauti halisi. Fanya hivyo hivyo na ule utani wa kuwaita Wagogo ombaomba. Utani ukiingia kwenye chumba cha usaili unageuka kisio kuhusu uchapakazi wa mtu ambaye hujamwona akifanya kazi, tena ndani ya ardhi ya babu zake, kwenye mji uliokua kwa kasi baada ya serikali kuanza kuhamia kwa nguvu 2016. Linganisha uzalishaji na mahudhurio ya walioajiriwa, kwa namba, na mwekee msaili karatasi hiyo mezani.

Kisio baya lina hatari nyingine, iliyoelezwa na Stephen Coate na Glenn Loury 1993: linajitimiza. Msichana akijua hataajiriwa kwenye umeme wa magari, hana sababu ya kulipia mafunzo yake. Asipojifunza, mwajiri anaangalia waombaji na kusema, mnaona, hakuna wasichana wenye ujuzi. Pande zote mbili zinatenda kwa busara yao na hali haibadiliki. Hapo kuboresha usaili hakutoshi, kwa kuwa waombaji hawapo. Mwajiri aende chuoni kabla ya mafunzo, aahidi nafasi kwa maandishi kwa watakaofaulu kwa kiwango fulani, wavulana na wasichana.

Utatenganishaje kukisia na kinyongo? Tumia muda. Mwajiri anayekisia hujifunza kadiri anavyomwona mtu akifanya kazi, kwa hiyo pengo la mshahara la watu wale wale linapaswa kupungua kutoka siku ya kuanza hadi mwaka wa tatu. Kinyongo hakijifunzi, pengo linabaki au linakua. Lakini wahesabu na walioacha kazi. Ukiwaangalia waliobaki tu, walioonewa zaidi wameshaondoka, na pengo litaonekana limepona.

Na sasa ule mfano wa dawa inayoumiza. Huko New Jersey na Jiji la New York, sheria zilikataza fomu za maombi kuuliza kama mtu amewahi kupatikana na hatia. Nia ilikuwa kuwasaidia Wamarekani weusi. Amanda Agan na Sonja Starr walituma maombi takriban 15,000 kabla na baada ya sheria. Kabla, waombaji wenye majina ya kizungu waliitwa asilimia 7 zaidi ya wenye majina ya watu weusi. Baada, asilimia 43 zaidi. Waajiri walionyimwa taarifa walikisia kwa rangi. Kwa hiyo ukificha picha na jina, usifiche matokeo ya jaribio la kazi. Ondoa kinachobainisha kundi, ongeza kinachobainisha uwezo, vyote viwili kwa pamoja.

Kujuana

Hiki hakihitaji kinyongo wala kisio. Nafasi inatokea, mtu wa ndani anampigia simu binamu yake, nafasi inajazwa kabla tangazo halijabandikwa. Kwa mwajiri ni nafuu, na aliyeletwa na ndugu huchungwa na ndugu. Lakini kama wafanyakazi wa kwanza walitoka sehemu moja, wa kesho watatoka huko huko.

Alama yake iko kwenye safu ile ya “alisikiaje kuhusu kazi”. Walioajiriwa kupitia mtu wa ndani wakizidi nusu, na waombaji wa nje wakifanya vizuri kwenye jaribio, chanzo umekipata. Dawa ni tangazo linalofika: ofisi za kata, mbao za matangazo za vyuo, redio ya mkoa, na siku za kutosha kati ya tangazo na mwisho wa kupokea barua. Tangazo la siku tatu ni la watu waliokwisha kuambiwa. Mtu wa ndani aruhusiwe kumtaja mtu, lakini barua yake ipite mlango ule ule.

Msongamano, na mtu asiye na pa kwenda

Barbara Bergmann alieleza 1974 jinsi kundi linalofungiwa kazi nyingi linavyosongamana kwenye chache, na wingi wa watu ukashusha malipo huko. Pima hivi: andika asilimia ya wanaume na ya wanawake katika kila kazi, tafuta tofauti bila kujali alama ya kutoa, jumlisha, gawa kwa mbili. Wanaume wakiwa asilimia 50 mitambo, 30 shambani, 20 ofisini, na wanawake 10, 40 na 50, tofauti ni 40, 10 na 30. Nusu yake ni 40. Maana yake asilimia 40 ya wanawake wangelazimika kubadili kazi ili mgawanyo ulingane. Mwajiri mmoja hawezi kuponya msongamano wa mji mzima, lakini anaweza kufungua mlango wake.

Joan Robinson alionyesha 1933 kwamba mwajiri asiye na wa kushindana naye hulipa chini ya thamani ya kazi, na hulipa kidogo zaidi wale wasioweza kuondoka. Mama mwenye watoto wadogo anayetafuta kazi inayofikika kwa miguu kutoka Nzuguni, au mtu anayetumia kiti cha magurudumu ambaye daladala nyingi hazimbebi, ana waajiri wachache wa kuchagua. Alama zake hazifanani na za kinyongo: mwajiri anawaajiri kwa furaha, tena wengi, ila kwa malipo madogo. Angalia pia wanaoacha kazi. Mishahara ikishuka kidogo kundi moja likaondoka na jingine likabaki, lililobaki ndilo litakalokamuliwa. Dawa hapa ni viwango vya mishahara vilivyobandikwa wazi, usafiri wa kampuni, na majadiliano ya pamoja ya chama cha wafanyakazi. Kupandisha kima cha chini katika hali hii si lazima kupunguze ajira, kwa sababu mwajiri alikuwa bado anapata faida kwa kila mtu aliyemwongeza.

Barua pacha

Daftari likikosekana, watafiti hutuma barua mbili zinazofanana kwa kila kitu isipokuwa kimoja. Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan walituma karibu 5,000 huko Boston na Chicago na kuchapisha matokeo 2004: majina ya kizungu yalipigiwa simu kwa asilimia 9.65, majina ya watu weusi 6.45.

Kwa chuo cha hapa, panga idadi kwanza. Ili kugundua tofauti kati ya kundi linaloitwa kwa asilimia 30 na linaloitwa kwa asilimia 20, kwa uhakika wa kawaida, unahitaji karibu barua 290 kila upande. Barua hamsini ni kupoteza muda wa kila mtu. Badili kitu kimoja tu. Majina yetu hubeba mengi kwa mpigo: Fatuma Mazengo na Neema Massawe wametofautiana kwa dini na kwa asili, na hutajua kipi kilifanya kazi. Geuza nani anatangulia kutumwa, acha siku moja au mbili kati ya barua, na mwajiri akipiga simu mkatalie siku hiyo hiyo kwa adabu. Usitume kwa mama ntilie au duka la mtu mmoja. Pata kibali cha maadili cha chuo kabla ya barua ya kwanza. Kumbuka pia kwamba njia hii inapima mlango wa mchujo peke yake. Mshahara na cheo haivioni.

Sheria inasemaje, na wapi pa kwenda

Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, kinakataza ubaguzi wa moja kwa moja na usio wa moja kwa moja kwa misingi kama kabila au mahali mtu alipotoka, rangi, dini, maoni ya kisiasa, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, ulemavu, VVU na umri. Kinamlinda pia mwombaji wa kazi, na kinagusa matangazo na vigezo vya kuchuja. Sifa inayodaiwa kwa kweli na kazi yenyewe si ubaguzi, lakini mwajiri ndiye wa kuthibitisha hilo. Mwajiri mwenye watu 20 au zaidi anadaiwa pia na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 kuhakikisha asilimia 3 ya nafasi ni za watu wenye ulemavu.

Mchumi na sheria wanaachana mahali pamoja muhimu. Kwa mchumi, kukisia kunaweza kuwa na faida kwa mwajiri. Kwa sheria, faida hiyo si utetezi. Meneja akikwambia hana chuki, alikuwa anapunguza hatari tu, amekiri.

Hesabu zako zina kazi moja kubwa mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA): mfanyakazi akionyesha dalili za awali za ubaguzi, mzigo wa kuthibitisha unahamia kwa mwajiri. Uwiano wa kila mlango, pengo la mshahara lililogawanywa, na nakala ya tangazo vinaweza kujenga dalili hizo. Fomu ni CMA F.1. Muda ni siku 60 tangu mgogoro kutokea, na siku 30 tu kama jambo ni kuachishwa kazi. Mlalamikaji ampelekee mwajiri nakala na atunze uthibitisho wa kuipokea. Aliyechelewa huomba kwanza kuongezewa muda kwa kutoa sababu, na wengi huangukia hapo hapo. Kwa hiyo malalamiko yakikufikia, andika tarehe ya tukio juu ya ukurasa kabla hujaanza kugawa asilimia yoyote.